Funueni kwa Pamoja

Huko Mbinga, kusini mwa Tanzania, kahawa haimsubiri mtu. Buni zikianza kuiva kwenye milima ya Umatengo, kuanzia Mei na Juni, kila kinachohusika nazo kinatakiwa kiwe tayari: vikapu vya kuchumia, mashine za kumenyea, vichanja vya kuanikia, mizani ya chama cha msingi, na siku hizi pia programu inayopokea uzito wa kahawa ya kila mkulima na kumtunzia hesabu yake. Ushirika umeanza kuhama kutoka kwenye daftari. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU, na kando yake wapo vijana wanaoandika programu ndogo ndogo za ghala, za malipo na za kumbukumbu za wanachama. Mwenyekiti wa chama akikutana na vijana hao huwa na swali moja kabla ya mengine yote: itakuwa tayari lini?

Ni swali la haki. Mkulima aliyechuma Juni hawezi kuambiwa arudi Desemba. Lakini ni swali lililowashinda waandishi wa programu duniani kote kwa zaidi ya nusu karne, na majibu mengi waliyoyatoa yalikuwa ya uongo pasipo wao kukusudia kudanganya. Mwandishi wa programu anapoulizwa siku ngapi, huiona njia iliyonyooka, akaitaja. Makorongo yaliyo njiani huyakuta akishaanza safari.

Upo ufundi mmoja wa kulijibu swali hilo ambao kila ninapouangalia unanizidi kwa uzuri, nao ni ufundi wa karata. Timu inakaa pamoja, watu watano, sita, labda saba. Kila mmoja ana karata zake zenye namba: 0, nusu, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20, 40, 100. Iko karata ya alama ya kuuliza kwa anayeona hajui la kusema, na iko yenye picha ya kikombe cha kahawa, ya kuwajulisha wenzako kwamba kichwa kimechoka na unaomba mapumziko. Mwezeshaji anasoma kazi moja kwa sauti. Watu wanauliza maswali mpaka waridhike. Kisha kila mmoja anachagua karata moja, anailaza mezani imefunikwa, na hasemi neno. Wote wakishalaza, mwezeshaji anasema, "Funueni," na karata zinageuzwa zote kwa pamoja. Namba zikilingana, kazi inaandikiwa namba hiyo na kikao kinaendelea. Zikipishana sana, aliyeweka ndogo kuliko wote na aliyeweka kubwa kuliko wote wanaombwa waeleze. Halafu karata zinalazwa upya.

Ukielezwa hivyo unaona ni jambo jepesi. Uzito wake uko kwenye mpangilio, yaani nani anajua nini, na ni wakati gani anaruhusiwa kukisema.

Tuseme kazi iliyosomwa ni hii: mkulima akishapimiwa kahawa yake ghalani, apate ujumbe kwenye simu unaomweleza kilo alizoleta na fedha anazokidai chama. Mezani wapo waandishi wawili wa programu, binti anayechora kurasa, kijana ambaye kazi yake ni kuijaribu programu mpaka ivunjike, na mama mmoja aliyekuwa karani wa ghala kwa misimu mingi, ambaye timu imemwomba akae nayo. Karata zinafunuliwa: 2, 3, 2, 5, na 13. Kumi na tatu ni ya mama karani.

Mwezeshaji anaanza na mmoja wa walioweka 2. Kijana anaeleza kwamba kampuni za kutuma ujumbe kwa wingi zipo, ameshaunganisha programu nyingine na huduma yao, kazi haina jipya. Anasema kweli. Kisha mwezeshaji anageuka: "Mama, tusaidie."

Mama anasaidia. Wakulima wengi, anasema, wameandikisha namba ya simu ya mtoto au ya jirani, kwa hiyo habari ya fedha za mtu itasomwa kwanza na asiyehusika. Pili, fedha anazodai mkulima hazipatikani kwa kuzidisha kilo kwa bei. Kuna malipo ya awali. Kuna makato ya pembejeo alizokopeshwa, kuna ushuru, kuna makato ya chama, halafu kuna malipo ya pili ambayo hakuna anayeyajua mpaka kahawa iuzwe mnadani. Ukimwandikia mkulima namba moja leo, ataihifadhi kwenye simu, na siku bei ikishuka atakuja nayo ofisini. Tatu, umeme ukikatika uzito unaandikwa kwenye karatasi na kuingizwa kwenye kompyuta jioni, ujumbe utamfikia mkulima saa tatu usiku, naye atadhani ni matapeli. Na kuna kahawa inayoletwa na mke kwa jina la mume, na nyingine inayoletwa na mume kwa jina la mke, na katika nyumba fulani fulani tofauti hiyo ni ugomvi mkubwa.

Baada ya maelezo hayo hakuna tena mtu anayeigusa karata ya 2. Mzunguko wa pili unatoa 8, 8, 8, 13, 13. Mtu mwingine angesema timu imepoteza dakika kumi kuipandisha kazi kutoka 2 hadi 8. Mimi naona dakika hizo ndizo zilizoijenga programu. Mambo yote aliyoyasema mama karani yangegunduliwa tu, lakini yangegunduliwa Julai, mkulima akiwa dirishani na simu mkononi.

Linaloniteka zaidi ni kile kimya kifupi kati ya kulaza na kufunua, na namna kinavyoshughulika na malezi yetu. Chukua kikao hicho hicho, uondoe karata. Mkuu wa timu anasoma kazi, anakuna kidevu, anasema, "Hii naona siku mbili tu, au mnaonaje?" Nani atasema anaona vingine? Tumelelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana hamkatizi mkubwa. Aliyeajiriwa juzi hampingi aliyemwajiri, na mama karani, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, hatawaambia wasomi kwamba wamekosea kwenye kazi yao. Atakaa kimya kwa adabu, na kumi na tatu yake ataondoka nayo nyumbani.

Heshima hiyo siibezi hata kidogo. Umatengo ulikuwa na sengu, kikao cha wanaume wa ukoo waliokula pamoja kwa mkubwa wao, wakazungumzia kazi za shamba, wakasuluhisha ugomvi na kuwafunza vijana, na mengi yanayoishikilia milima ile hadi leo yalijadiliwa kwenye vikao kama hivyo. Mkubwa alisikilizwa kwa sababu alikuwa ameyaona mengi. Lakini programu ya ghala ni kitu kipya ambacho hakuna mkubwa wala mdogo aliyekiona chote. Mwenye ujuzi wa mitandao anajua upande wake, karani anajua wake, na ujuzi hautembei kwa kufuata umri. Hapo karata inafanya jambo la busara sana: inampa mdogo nafasi ya kusema bila kumvunjia mkubwa heshima. Alipolaza 13 hakujua mkubwa amelaza 2. Hakumpinga mtu. Namba zao zilizaliwa saa moja, na mkubwa anaweza kuuliza "umeona nini wewe ambacho mimi sikukiona?" bila uso wake kushuka.

Kwamba namba ya kwanza kusikika huvuta nyingine, hilo limepimwa. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha matokeo ya jaribio ambalo sisi Waafrika tunalo hisa ndani yake. Waliwazungushia watu gurudumu la bahati mbele ya macho yao, likasimama kwenye 10 au kwenye 65, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa. Walioonyeshwa 10 walikisia 25 kwa kipimo cha katikati. Walioonyeshwa 65 walikisia 45. Kila aliyehojiwa aliona kwamba gurudumu lile halijui lolote kuhusu Afrika, na bado liliivuta akili yake. Ikiwa gurudumu lina nguvu hiyo, sauti ya anayesaini mshahara wako ina nguvu kiasi gani?

Karata hizi zina ukoo wake. Mwanzo uko kwenye taasisi ya RAND huko Marekani, miaka ya 1950, ambako Norman Dalkey na Olaf Helmer walitafuta namna ya kukusanya maoni ya wataalamu kuhusu vita vya nyuklia bila wataalamu hao kuburuzana. Waliwatenganisha, wakawauliza kwa maandishi, wakawarudishia majibu ya wenzao bila majina, wakawauliza tena. Utaratibu huo ukaitwa Delphi. Miaka ya 1970 Barry Boehm, akishirikiana na John Farquhar, aliuleta kwenye makadirio ya programu na kuongeza kitu ambacho RAND walikikwepa: mazungumzo ya ana kwa ana katikati ya duru. Mwaka 2002 James Grenning akaupunguza mzigo ule wa fomu na vikao mpaka ukatosha kwenye karata za mkononi, na mwaka 2005 Mike Cohn akaueneza kwa kitabu chake kuhusu kukadiria na kupanga kwa mtindo uitwao agile. Mtindo wenyewe ulikuwa umetangazwa Februari 2001, pale watu 17 walipokutana kwenye milima ya Utah na kukubaliana kwamba programu ijengwe kwa vipande vidogo, mbele ya anayeitumia. Kutoka kwenye mabomu hadi kwenye kilo za kahawa ni safari ya zaidi ya nusu karne, na kwa kila hatua utaratibu ulizidi kuwa mwepesi huku kiini chake kikibaki: fikiri peke yako kwanza, kisha ongea.

Ndugu wa damu wa ufundi huu yumo kwenye kahawa yenyewe. Kahawa ya Mbinga hukobolewa kiwandani pale pale mjini, na kwa miaka mingi ilipelekwa mnadani Moshi. Kahawa haiuzwi kwa kutazamwa tu, lazima ionjwe. Utaratibu uliozoeleka kwa kahawa maalumu unataka gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi. Kila sampuli inawekwa kwenye vikombe vitano, ili punje mbovu iliyoharibu kikombe kimoja isijifiche. Inaachwa dakika nne. Kisha mwonjaji anainama, pua juu ya kikombe, anauvunja utando wa juu kwa mgongo wa kijiko na kuipokea harufu inayotoka. Joto likishuka hadi nyuzi 70 hivi anaanza kuonja, kwa kuifyonza kahawa kutoka kijikoni kwa nguvu, kwa sauti, ili itawanyike kinywa kizima. Anaandika alama za harufu, ladha, uchachu, uzito wake ulimini, ladha inayobaki baada ya kumeza, na uwiano wa vyote hivyo. Alama kamili ni 100, na kahawa inayofika 80 inahesabiwa kuwa maalumu.

Katika chumba hicho kuna kelele za midomo na hakuna maneno. Mwonjaji mwenye adabu ya kazi hujizuia hata kukunja uso, maana uso uliokunjwa ni namba iliyotajwa mapema. Fomu zikishajazwa ndipo wanapozilinganisha. Na hapa ndipo waonjaji wananifurahisha zaidi: mmoja akiwa ameandika 84 na mwingine 78, wazuri hawakimbilii kugawanya tofauti. Wanarudi mezani, kwenye kikombe kile kile, wanauliza, "Wewe uliipata wapi hiyo?" Mara nyingi mmoja ameonja kasoro ambayo mwenzake ilimpita kwa sababu aliionja kahawa ingali na moto. Tofauti iliwaambia waonje tena.

Timu nyingi za programu hukosea hapo. Karata zikitoka 3 na 13, wanapiga wastani, wanaandika 8, wanaendelea, na wanaona wamefanya haki kwa wote. Wastani huo haujui lolote. Mwenye 3 anaiona kazi fulani, mwenye 13 anaiona kazi nyingine kabisa, na 8 ni ya kazi ambayo hakuna hata mmoja anayeiona. Mwezeshaji mahiri unamtambua kwa namna anavyoiacha tofauti ikae mezani muda kidogo kabla ya kuishughulikia, na kwa sauti anayoitumia kumwita aliye pembeni. "Kwa nini umeweka kubwa hivyo?" inamfanya mtu ajitetee. "Tueleze ulichokiona" inamfanya atoe alichonacho. Wapo wawezeshaji wanaoanza kila mara na mwenye namba ndogo, ili mwenye namba kubwa ajue anachotakiwa kuongezea. Wengine hufanya kinyume. Nimewapenda zaidi wa kwanza.

Namba zenyewe zimepangwa kwa akili. Moja, mbili, tatu, tano, nane, kumi na tatu: kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia, mfuatano ambao Leonardo wa Pisa aliuandika mwaka 1202 akihesabu vizazi vya sungura. Kuanzia 20 kwenda juu wamechukua namba za kukadiria tu, kwa kuwa hapo usahihi ni wa bandia. Nafasi kati ya namba na namba inazidi kupanuka kadiri kazi inavyokuwa kubwa, kwa kuwa kazi ikiwa kubwa ndivyo tunavyoijua kidogo. Ukiwapa watu namba zote kuanzia 1 hadi 20, watakesha wakibishana kama kazi ni 11 au 12. Ukiwapa 8 na 13 tu, itabidi waamue kama ni kazi kubwa au kubwa sana, na swali hilo linajibika.

Na namba hizi si siku wala saa. Timu inachagua kazi moja ndogo inayojulikana vizuri kwa wote, tuseme ukurasa wa kuandikisha mwanachama mpya, inaiita 3, na kila kazi nyingine inapimwa kwa kuwekwa kando ya hiyo. Naliona jambo lile lile kwenye ngoro, kilimo cha mashimo cha Umatengo. Mmatengo anakata nyasi mlimani, anazilaza kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika, mpaka mteremko mzima unajaa mashimo yaliyozungukwa na matuta, na mvua inatua shimoni badala ya kukimbia na shamba bondeni. Ukimuuliza mkulima ugumu wa kipande kipya, ataangalia mwinamo, urefu wa nyasi na aina ya udongo, atakwambia hiki ni mara mbili ya kile tulicholima juzi. Saa hakutajii. Zitategemea ni nani atakuja kusaidia, na kama mvua imelainisha ardhi. Ukubwa wa kazi na kasi ya wafanyakazi ni vitu viwili, na kuvitenganisha ni nusu ya busara yote ya makadirio.

Kasi inakuja baadaye, kutoka kwenye kazi iliyokwisha kufanyika. Tuseme mwanzoni mwa Machi timu imebakiwa na kazi za pointi 120. Mizunguko yake mitatu iliyopita, ya wiki mbili mbili, ilimaliza pointi 18, 22 na 20. Kwa mwendo huo inahitaji mizunguko sita, wiki 12, na jibu la mwenyekiti ni mwisho wa Mei. Ni jibu linaloweza kukaguliwa. Akitaka kuongezewa ripoti ya pembejeo yenye pointi 13, anaweza kuonyeshwa kwamba ripoti hiyo itaisukuma kazi hadi Juni, buni zikiwa zimeshaiva, na achague mwenyewe kipi kisubiri. Nimeona wenyeviti wakichagua vizuri sana wanapoonyeshwa hesabu kwa namna hiyo. Hawakuwahi kukataa ukweli, ila kabla ya hapo hawakuwa wamepewa.

Hatari ipo. Mkuu akishaanza kuzigeuza pointi kuwa saa, au kumpima kijana mmoja dhidi ya mwenzake kwa pointi, karata zinakufa. Kila mtu atavimbisha namba zake, na mama karani hatahitajika tena.

Sasa kuhusu kifaa chenyewe. Karata za karatasi zinatosha watu wakiwa chumba kimoja, na zisipokuwepo unakata boksi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito. Lakini timu nyingi za kwetu zimetawanyika. Mmoja yuko Mbinga mjini, mwingine Songea, mwingine Dar es Salaam, na mmoja yuko Mbamba Bay. Kwa hao zipo programu za mtandaoni zinazofunguka kwenye simu ya kawaida. Mwezeshaji anafungua chumba, anawatumia wenzake kiungo, kila mmoja anaandika jina lake na kuona karata zake chini ya kioo. Ukibonyeza moja, wenzako wanaona tu kwamba umeshachagua. Namba haionekani na mtu mpaka mwezeshaji abonyeze kitufe cha kufunua.

Kitu hicho kimoja ndicho ninachokiheshimu kwenye kifaa: kinajua kutunza siri mpaka wakati wake. Mapambo mengine, saa ya kuhesabu dakika, michoro ya matokeo, wastani unaojitokeza wenyewe kwa herufi kubwa, ningeyaondoa yote, na ule wastani ningeuondoa wa kwanza. Watu wamejaribu kufanya kazi hii kwenye kundi la WhatsApp na inashindikana kwa sababu iliyo wazi. Wa kwanza kuandika namba ameshawavuta wengine wote, na wa mwisho anaandika "sawa na mkuu." Bando likiisha katikati ya kikao, ipo njia ya zamani ya kupigiana simu. Kila mmoja anaandika namba yake kwenye karatasi kabla mwezeshaji hajaanza kuuliza, na anaapa kwa nafsi yake kwamba hataibadilisha. Inafanya kazi kwenye timu yenye uaminifu, na hukua na kuwa njia ya kuujenga.

Yule wa Mbamba Bay namtaja kwa makusudi. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, na ukishuka kwa barabara ya lami kutoka kwenye baridi ya milimani hadi ufukweni, unaingia kwenye joto, mchanga, mihogo na samaki. Tuseme chama kilichofurahia programu ya kahawa kinaomba kazi nyingine: ipokee pia usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, kwenye mialo ya ziwa hilo. Inaposomwa kwa mara ya kwanza kazi hii ni pacha wa ile ya kahawa. Mzigo unafika, unapimwa, unaandikwa, mwenyewe analipwa. Karata zinafunuliwa kwenye simu: 3, 5, 5, alama ya kuuliza, na 100. Mia ni ya kijana wa Mbamba Bay, mtoto wa mvuvi.

Anaelezea akiwa ufukweni, upepo ukivuma kwenye simu yake. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi inarudi alfajiri. Mnunuzi amesimama majini miguu mitupu, mikono imelowa, hana pa kushika simu. Mwaloni hakuna kilo, kuna ndoo na beseni, na ndoo ya mwalo huu si lazima ijae kama ya mwalo ule. Kuna usipa mbichi na kuna uliokauka, na bei ya mbichi hubadilika kabla jua halijapanda. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti samaki, kwa hiyo kutakuwa na siku nyingi zisizo na mzigo wowote, na programu isidhani mvuvi ameacha kazi. Ukivuma upepo wa mwera, mitumbwi inalala mchangani. Iko mialo ambako mtandao haushiki kabisa.

Mwenye 3 anacheka kidogo na kusema, "Kaka, mimi nilikuwa nakadiria kahawa." Ni sentensi nzuri sana, na huenda isingetamkwa kabisa kama angetangulia kusema namba yake kwa sauti na kuwavuta wengine. Aliyeweka alama ya kuuliza ni mwandishi mkongwe kuliko wote kikaoni. Aliona hajui mwalo, akasema hivyo mbele ya wadogo zake kwa karata tu, na tangu hapo wawili kati yao wamekuwa wakiitumia bila haya.

Kazi ya 100 haiandikwi kwenye mpango, inakatwa. Timu inaikata vipande vitatu. Cha kwanza ni kuweka orodha ya vipimo vya kila mwalo na uzito wake wa wastani, na karata zinakubaliana mara moja kwenye 5. Cha pili ni programu kufanya kazi pasipo mtandao na kupeleka kumbukumbu ikifika penye mawimbi. Hicho kinaanza na 8 na 20, na baada ya mabishano marefu kuhusu simu mbili kuandika mzigo mmoja, kinatua kwenye 13. Cha tatu, bei inayobadilika asubuhi ile ile kati ya wanunuzi wengi, kinalazwa, kinafunuliwa, na zinatoka alama za kuuliza nne. Mwezeshaji hamlazimishi mtu. Anauliza giza la mwezi litaanza lini, kijana wa Mbamba Bay anamtajia, na binti anayechora kurasa anaandikiwa nauli ya kushuka ziwani usiku huo pamoja na mama karani, wakakae mwaloni mpaka mzigo wa mwisho ununuliwe, ndipo kipande hicho kirudishwe mezani.